Kabati la Mwingine, Rangi Yangu

Kufa kufaana. Methali hii ina maneno mawili tu, lakini nimewasikia watu wazima wakibishana juu yake hadi chai ikapoa. Wapo wanaoiona kuwa ni methali ya faraja: mti ukianguka wapishi hupata kuni, na nguo alizoziacha marehemu huwasitiri walio hai, ndivyo dunia ilivyo. Wapo wanaoiona kuwa ni ya kusuta: inamlenga yule anayekipima kwa macho kitanda cha mgonjwa kabla roho haijaachana na mwili. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwapa wanachuo methali hiyo waijadili karibu kila mwaka, na kila mwaka darasa liligawanyika katikati. Niliwaacha wabishane, kwa kuwa mwalimu hafungi mlango wa mjadala kabla kengele haijalia. Lakini jambo lenyewe halikuwa na makali kwangu mpaka nilipostaafu, nikaanza kutafuta viti vya kukalia.

Yafaa nieleze. Mtumishi wa serikali wa kizazi changu aliishi katika nyumba ya serikali na kukalia kiti cha serikali. Kila samani ilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi nyuma au chini yake. Ukipata uhamisho, vitu vinahesabiwa, unatia saini, kisha unaondoka na vitanda vyako na masanduku ya vitabu. Mimi nilihamishwa mara saba. Nilipostaafu mwaka 2010 tulihamia katika nyumba yetu ya Muheza, ambayo tulikuwa tumeijenga polepole kwa miaka kumi na mitano, leo mfuko wa saruji, kesho bati mbili. Kiinua mgongo kilimalizia dari na madirisha. Sebule ikabaki tupu, ina mwangwi kama darasa wakati wa likizo. Fundi seremala mmoja, kijana mwenye adabu, alinipigia hesabu ya makochi, meza na kabati, vyote vya mninga. Nilipoigawanya hesabu hiyo kwa pensheni ya mwezi nilimshukuru, nikamwambia nitarudi. Hajaniona tena.

Wapo wastaafu wanaokopa ili sebule ijae. Siwalaumu, ingawa nimewaona wengine wakikaa juu ya makochi mapya kwa namna ya mtu aliyekalia miiba. Mimi na Mama Zuhura tuliamua kwamba nyumba yetu itapambwa kwa vitu vilivyokwisha kutumika na kwa rangi.

Kazi hiyo ina raha yake, na singependa msomaji adhani kwamba nilikuwa nikizunguka minadani kwa huzuni. Miguu ya chuma ya cherehani ya kukanyaga, ukiifunga ubao mzito juu yake, huwa meza ya kuandikia isiyotikisika. Ndiyo ninayoandikia maneno haya, nayo niliipata kwa muuza vyuma chakavu aliyekuwa akiiuza kwa kilo. Mlango wa zamani ukilazwa juu ya miguu minne huwa meza ya chakula ya watu wanane. Mbao za paleti zinazotoka bandarini hufaa kwa rafu za vitabu, ila angalia kwanza muhuri uliogongwa ubavuni: herufi HT maana yake mbao zilitiwa joto ili kuua wadudu, na MB maana yake zilifukizwa kwa dawa ya metili bromidi, na hizo usiziingize ndani. Kanga mbili zisizopendwa tena huwa pazia zuri, hata kama maandishi yake yatamsuta mgeni.

Ukuta nao una siri zake. Lipu mpya ya saruji ina ukali kama wa magadi. Ukiipaka rangi ya mafuta kabla haijakauka walau mwezi mzima, rangi hugeuka kama sabuni na kubambuka. Kwa hiyo tulisubiri. Vyumba vya nyuma tulivipaka chokaa, iliyotiwa bluu kidogo ya kufulia ili weupe wake ung'are. Watu wameidharau chokaa kwa sababu ni rahisi, lakini mimi naistahi. Mwamba wa chokaa, wa aina ile ile iliyofanya mapango ya Amboni, ukichomwa tanuruni hutoa hewa ya kaboni daioksaidi. Ukitiwa maji huchemka wenyewe na kuwa uji mweupe. Na uji huo ukishapakwa ukutani huivuta hewa ile ile tena na polepole hurudi kuwa jiwe. Aliyepaka chokaa amepaka jiwe. Sebuleni nilianza kwa mtindo niliouzoea, nusu ya chini rangi ya mafuta ya kahawia ili ifutike, nusu ya juu krimu. Mama Zuhura alisimama mlangoni akatazama, kisha akaniuliza kama wanafunzi wanaingia saa ngapi. Tukaanza upya, kwa njano ya ndizi mbivu.

Sasa niingie katika swali lenyewe. Kiti kipya hakikuulizi kitu zaidi ya bei yake. Kiti cha zamani kimefika mnadani kwa sababu kuna jambo limetokea. Pengine ni jambo jepesi: mtu amehamishwa, au amepata fedha na kuyachoka makochi ya mwanzo. Huyo tumshukuru na tusonge mbele. Lakini pengine mwenye kiti alidaiwa, na dalali akaja na hati ya mahakama. Pengine mume na mke wameachana, na kila mmoja hataki kukiona. Pengine mwenyewe yuko kaburini. Nilipokuwa nikizunguka kwa wauza vitu vya zamani mjini Tanga, katika zile barabara za namba za Ngamiani, niliona kwamba bei ndogo kuliko zote huwa pale penye huzuni kubwa kuliko zote. Mtu anayeuza kwa sababu amechoka na kitu anaijua bei. Mtu anayeuza kwa sababu mtoto amelazwa haijui bei, anaijua saa.

Je, ni halali mimi kuifurahia bei hiyo?

Jibu la sokoni linajulikana: nisiponunua mimi atanunua mwingine, na huenda kwa bei ndogo zaidi. Hoja hii ina nguvu, na watu wa dini na wa vitabu hukosea wanapoipuuza. Muuzaji amekuja kutafuta fedha, hakuja kutafuta machozi yangu. Nikimhurumia kisha nikaenda zangu mikono mitupu, nimeusafisha moyo wangu mimi, na yeye nimemwacha na kabati lake na dawa zake zisizonunuliwa. Hadi hapo nakubaliana na soko. Lakini angalia hoja hiyo imejibu nini. Imejibu kama ninunue au nisinunue. Haikujibu nilipe kiasi gani, wala haikuuliza kama anayeuza ndiye mwenye mali. Hayo ni maswali mawili mengine, na mtu mjanja huyafunika kwa jibu la lile la kwanza.

Kuhusu kiasi cha kulipa, kuna kanuni niliyoitoa kazini. Chuoni vitu vikichakaa hukaguliwa, hupatiwa kibali cha kufutwa katika leja, kisha hupigwa mnada. Miaka yote niliyokuwa mkuu sikununua kitu katika minada hiyo, hata pale ambapo hapakuwa na aliyenikataza, hata lilipouzwa dawati moja la mninga ambalo nalikumbuka mpaka leo. Sababu yake ni rahisi: macho yanayokitaka kiti hukiona kibovu mapema. Mwenye sauti katika kusema kwamba kitu hiki kimekwisha asiwe ndiye atakayekikalia. Kanuni hiyo nilikwenda nayo mitaani. Ninapokuta mtu anauza kwa haraka, mimi ninayenufaika na haraka yake sifai kuwa mpimaji wake. Kwa hiyo najiuliza kitu hiki kingeuzwaje siku ya kawaida, na mtu asiye na shida, kisha najaribu kuisogelea bei hiyo kadiri mfuko unavyoruhusu. Usiporuhusu hata kuikaribia, naagana na kitu. Mama Zuhura anasema kwa mtindo huo tungekuwa bado tunakaa mkekani. Anatia chumvi, lakini si nyingi.

Na rangi je? Wazee wetu hawakuiamini sana. Walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wakasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Walikuwa na haki, maana rangi ya muuzaji ni rafiki wa fukusi. Ukiona kabati kuukuu linang'aa kwa rangi ya juzi, liinamishe utazame chini, mahali ambapo hakuna mtu anayejisumbua kupaka. Ubao wenye vitundu na unga mwembamba kama wa muhogo umekwisha kuliwa. Ligonge kwa kifundo cha kidole: lililo zima hujibu, lililoliwa hunong'ona.

Ipo pia hatari isiyoonekana kwa macho. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Marekani iliyapiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978, na kwingineko yaliendelea kuuzwa baada ya hapo. Kwa hiyo mlango au kitanda cha miaka ya nyuma chenye rangi inayobanduka usikisugue kwa msasa mkavu ukumbini huku wajukuu wakicheza. Loweka, sugua kukiwa na maji, kusanya uchafu wote na uutupe mbali na watoto.

Lakini kinachonishughulisha zaidi ni kwamba rangi hufuta. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango ya mbao iliyochongwa nchini kabla ya mwaka 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki. Waliotunga sheria hiyo walielewa kwamba mlango wa namna hiyo ni zaidi ya mbao. Una mikono ya watu ndani yake. Sasa kabati la kawaida halina sheria ya kulilinda, lakini lina mikono vilevile. Pana alama ya sufuria ya moto. Pana jina la mtoto lililochongwa kwa msumari. Nikipiga msasa na rangi mbili, mtu aliyeishi na kitu hicho ameondoka mara ya pili. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine ya macho tu, nilikuwa na msimamo mkali: mvule na mninga havipakwi rangi. Kumpaka mvule rangi ya mafuta niliona ni sawa na kumvisha mzee wa heshima nywele za bandia.

Mwezi Januari mwaka 2012 alifika kijana mlangoni petu na mkokoteni. Juu yake palikuwa na kabati la vyombo la mvule, milango miwili ya vioo juu na miwili ya mbao chini, kazi ya fundi aliyejua kazi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. La nani hilo?"

"La marehemu kaka. Laki na ishirini tu, mwalimu."

Nililizunguka. Siku ya kawaida kabati lile lisingeuzwa chini ya laki nne. Nikauliza marehemu amefariki lini, akasema mwezi uliopita. Nikauliza, "Na shemeji yako anajua?" Akatazama gurudumu la mkokoteni, akajibu kwamba anajua. Nikamkaribisha barazani, akaletewa chai na muhogo.

Kwa nini nilimkalisha? Kwa sababu walikuwa Waislamu kama sisi, na mirathi ya Kiislamu ina hesabu. Kwanza mazishi, kisha madeni, kisha wasia, ndipo mafungu. Mke mwenye watoto ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Na marehemu akiacha mtoto wa kiume, ndugu yake hana fungu kabisa. Tena kabla ya mirathi kuna jambo la kuuliza: je, kitu hicho kilikuwa cha marehemu peke yake? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani anazozifanya mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kesi ile ilikuwa ya talaka, haikuwa ya kifo, lakini niliisomesha sana kwa walimu wanafunzi kwa sababu ya fikra iliyomo: aliyelifuta kabati vumbi miaka kumi naye ana neno juu ya kabati.

Mjane alikuwa edani, miezi minne na siku kumi, na haikuwa kazi yangu kwenda kumhoji. Mama Zuhura alijitanda akaenda. Alirudi baada ya Alasiri, na habari alizokuja nazo hazikuwa nilizozitarajia.

Kabati halikuwa la marehemu. Lilikuwa lake mjane mwenyewe, alilinunua kwa fedha za upatu, na fedha za upatu zilitoka katika vitumbua alivyochoma miaka saba. Yeye ndiye aliyelitoa liuzwe. Binti yake mkubwa alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, na wakati ule ada ya sekondari za serikali ilikuwa bado inalipwa, mbali na sare, daftari na michango. Alimwambia shemeji yake auze kwa elfu themanini. Arobaini iliyozidi kijana aliiongeza mwenyewe. Nilianza kukunja uso, lakini Mama Zuhura hakuwa amemaliza. Kijana yule ndiye aliyelipia sanda na gari la kumtoa kaka yake hospitali, na hakuna mtu wa ukoo aliyemrudishia hata nauli. Basi hapakuwa na mwizi katika habari hii, jambo linaloudhi kidogo mtu aliyezoea kuamua kesi za bweni.

Tulikaa, mimi na mke wangu, tukapiga hesabu. Laki nne hatukuwa nazo. Tulimpelekea laki mbili mkononi mwake, na laki moja nyingine kwa miezi miwili iliyofuata. Kijana tukampa arobaini yake, na ya mkokoteni juu. Ilikuwa bado chini ya bei ya siku ya kawaida, nalijua hilo. Lakini kila aliyehusika alijua ni kiasi gani, na aliyeuza alikuwa mwenye mali.

Kisha likaja ombi. Mjane alimwambia Mama Zuhura: "Mwambie mwalimu alipake rangi. Eda ikiisha nitakuja kuwasalimu, na sitaki kulikuta limekaa vile lilivyokaa kwangu."

Nililala na ombi hilo siku mbili. Lile la nywele za bandia nilikuwa nimelisema mbele ya watu, na mke wangu ana kumbukumbu nzuri. Lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona kwamba nilikuwa nimeitetea mbao kana kwamba ndiyo yenye alama. Alama ni za mtu. Mimi nikizifuta kwa sababu zinaniharibia sebule, nimemfuta mtu ambaye hakuniruhusu. Yeye mwenyewe akitaka zifunikwe, ni nani mimi nimlazimishe kuonyeshwa ndoa yake kila akija kunywa maji? Mkakasi humdanganya anunuaye. Rangi hii haikumdanganya mtu yeyote. Wote wawili tulijua kilichokuwa chini yake.

Basi nikaondoa vanishi kwa msasa, polepole, nikapaka rangi ya mafuta mara mbili, kijani cha jani la mgomba. Ndani sikupaka. Nyuma ya mlango mmoja wa chini palikuwa na hesabu za penseli, mwandiko mdogo uliosimama wima: sukari, unga, tarehe, na majina ya waliokuwa zamu ya kupokea upatu. Nilimtuma Mama Zuhura akaulize na hilo pia. Jibu lilikuwa: la ndani liacheni.

Alikuja mwezi wa Mei, amevaa baibui na amebeba vitumbua. Tulizungumza habari za binti na shule yake. Mama Zuhura alipoinuka kwenda kutoa bilauri, mgeni alimtangulia. Mlango wa kushoto wa kabati lile hukwama. Ukiuvuta tu hautoki, sharti kwanza uunyanyue kidogo kwa kidole cha chini. Hatukuwa tumemwambia. Aliunyanyua, akaufungua, akatoa bilauri tatu, akaufunga. Tukanywa maji. Hakuna aliyesema neno juu ya kabati, na mpaka leo anapokuja ni yeye anayetoa bilauri.

Mjane aliweza kuulizwa. Kuna vitu ambavyo mwenyewe hayupo wa kumtuma mtu kwake.

Mwezi Aprili mwaka 1971 serikali yetu ilipitisha sheria ya kutwaa majumba. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, na nilishangilia. Sababu za sheria hiyo bado nazielewa, kwani katika miji yetu wengi walikuwa wapangaji wa wachache. Lakini familia nyingi za Kihindi, za Tanga na kwingineko, zilifunga virago katika miaka iliyofuata, zikaenda Uingereza, Kanada na nchi nyingine. Nyumba zilitwaliwa kwa sheria. Viti viliuzwa na wenyewe, harakaharaka, kwa aliyepita. Sisemi kwamba ilikuwa kama Uganda, ambako mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka na nyumba zao, pamoja na vilivyokuwamo, vikagawiwa watu wengine. Hapa kwetu hakufukuzwa mtu. Hata hivyo anayeuza bembea ya baba yake huku meli inasubiri naye alikuwa anaijua saa.

Naitaja bembea kwa sababu ninayo. Ni benchi la msaji, refu, lenye mgongo wa nakshi, na kila pembe yake ina pete nene ya shaba. Nililinunua mwaka 1979 kwa mwalimu mwenzangu aliyepata uhamisho wa kwenda Songea, naye alilinunua mwaka 1972 kutoka katika nyumba moja ya Tanga mjini. Mwalimu yule hakujua kazi ya pete. Fundi mmoja mzee ndiye aliyenieleza kwamba katika nyumba za Wagujarati benchi la namna hiyo hutundikwa kwa minyororo sebuleni, na jioni wazee hukaa wakijipembeza huku wakizungumza. Lilikuwa limeshushwa, likafungwa miguu, likawa benchi kama mabenchi mengine. Limehama nami mara sita, na ni miongoni mwa vitu vichache nilivyovileta Muheza.

Nalikagua kwa kanuni zangu na sipati kosa. Mwenzangu alilipa alichoombwa. Mimi nililipa alichoniomba yeye. Kila mkono ulikuwa halali kwa mkono uliofuata. Lakini bei ya kwanza, ile ya siku ya meli, iko chini kabisa ya minyororo hiyo ya halali, na siwezi kuirekebisha, kwa sababu sijui jina la nyumba wala la mzee aliyekuwa akipembea. Anayetetea kufa kufaana atasema yameshapita, na kuni za mti ulioanguka zimeshapika. Pengine. Ila kuni huwa majivu, na hizi pete bado zipo.

Mama Zuhura ana shauri. Zifunguliwe, matundu yazibwe kwa unga wa mbao na gundi, na benchi lipakwe kijani lifanane na kabati. Hoja zake ni nzuri. Pete zimechana kanga za wageni wawili na kanzu moja ya Idi, yangu. Tena ananikumbusha, na hapo ndipo anaponishika, kwamba mimi mwenyewe nilisema rangi si mkakasi pale anayejua anajua. Nimemjibu kwamba kabati lilikuwa na mtu wa kutoa ruhusa. Ameniuliza ruhusa ya benchi ataitoa nani, na lini. Kopo la rangi, la lita moja, amekwisha kulinunua. Limekaa juu ya kabati tangu Ramadhani, na bado hatujalifungua.